Kabureta Haijachoka, Imerudishiwa Vibaya

Kuna hukumu inayotolewa kila siku kwenye gereji bubu, kwenye vijiwe vya bodaboda na kwenye maduka ya spea, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi na Soko la Kisekka kule Kampala. Hukumu yenyewe inasema kwamba kabureta ya pikipiki ya zamani ikishafunguliwa hairudi kuwa ilivyokuwa. Ukiigusa umeiua. Ikianza kusumbua usihangaike kuisafisha, tupa, weka mpya. Nimeisikia kwa vijana walioshika spana juzi, na nimeisikia kwa wazee waliokuwa wakifungua Honda na Yamaha kabla vijana hao hawajazaliwa. Imesemwa mara nyingi mno hata hakuna tena anayeombwa ushahidi.

Mimi naipinga, na naipinga yote. Kabureta haiharibiki kwa kufunguliwa. Haiharibiki kwa kuoshwa na petroli safi na kupulizwa upepo. Kinachoharibika ni kazi inayofuata, ile ya kuirudishia mahali pake, ambayo mafundi wengi wanaichukulia kuwa ni kukaza nati mbili na kunawa mikono. Tunatupa kabureta nzima kwa kosa la oringi, kwa kosa la mpira uliokauka, kwa kosa la slaidi iliyogeuzwa na waya uliovutika. Na anayelipia kosa hilo ni kijana mwenye hesabu ya kupeleka kwa tajiri jioni.

Tuangalie kwanza imani hii inazaliwaje, maana haikuzuka hewani. Chukua pikipiki ya ukoo wa Honda CG125. Honda walianza kuiuza mwaka 1976 wakizilenga nchi kama zetu: silinda moja ya sentimita za ujazo 124, valvu zinazosukumwa na fimbo badala ya cheni ya juu, injini ya kuvumilia mizigo na matunzo haba. Viwanda vya China vikainakili injini hiyo kwa majina chungu nzima, na pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria na magunia huku kwetu zina damu yake. Kabureta yake haina makuu. Ina slaidi, sindano, jeti mbili, floti na kikombe.

Pikipiki hiyo inaanza kumisi, au asubuhi haiwaki mpaka mtu atoke jasho kwa kiki. Fundi anachomoa kabureta, anaifungua, anaosha, anapuliza, anafunga. Inawaka. Lakini sasa kuna jambo ambalo halikuwapo: sailensa haitulii. Pikipiki ikiwa imesimama, injini inapanda yenyewe na kuunguruma. Fundi akilegeza skrubu ya sailensa, inazima. Ukiachia akselereta ghafla, ekzosi inapiga baruti. Dereva anarudi kesho yake. Fundi anafungua tena, anaosha tena, anafunga vilevile, na matokeo ni yaleyale. Mara ya tatu anatikisa kichwa: "Kaka, hii imechoka. Tafuta nyingine." Mpya inaletwa ikiwa ndani ya boksi, inafungwa, sailensa inatulia. Nani atabisha, wakati kijiwe kizima kimeona kwa macho?

Mimi nabisha, na sababu zangu zimo ndani ya tukio lilelile.

Angalia muda. Uchakavu wa kabureta huja polepole, kwa miezi na miaka ya vumbi na mtikisiko. Slaidi hulika kidogo kidogo, na tundu ambamo sindano hupanda na kushuka hupanuka kidogo kidogo. Hakuna shaba inayochakaa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana ikiwa ndani ya beseni la petroli. Pikipiki iliyokuja na sailensa ikaondoka haina sailensa imepata ugonjwa wake mpya ndani ya saa hizo mbili, na ndani ya saa hizo mbili vitu vilivyobadilika ni vile vilivyofunguliwa na kufungwa. Mtu anayesema kabureta imechoka anatakiwa atueleze ilichokaje wakati imelala kwenye beseni.

Halafu liangalie hilo boksi. Kabureta mpya haiji peke yake. Inakuja na oringi mpya, gasketi mpya, mdomo ulionyooka ambao haujawahi kukazwa na mtu, floti ambayo haijapindwa, sindano iliyokaa kwenye klipu yake. Na fundi akiifunga huwa mwangalifu zaidi, maana ni mali mpya ya mteja. Vitu vingi vimebadilishwa kwa mpigo mmoja, halafu sifa yote kinapewa kimoja. Jaribio la haki ni kuchukua oringi na gasketi za ile mpya, kuzifunga kwenye ile ya zamani, na kuirudishia kwa uangalifu uleule. Hilo sioni likifanywa kabla ya hukumu kutolewa.

Na kama ingekuwa kweli kwamba kabureta iliyofunguliwa haiponi, pikipiki za zamani zisingekuwapo duniani. Honda CB750 ya mwaka 1969 ina silinda nne na kabureta nne zilizopangwa mstari mmoja. Wanaozitunza huko Japani, Ulaya na Marekani wamezifungua na kuzifunga kwa zaidi ya nusu karne, na bado zinatembea. Kinachowatoa jasho si kuosha. Ni kuzirudisha zote nne kwa pamoja kati ya mipira ya upande wa injini na mipira ya upande wa boksi la hewa, mipira ambayo umri umeikausha, kisha kuzilinganisha ili zote zifungue kwa kipimo kimoja. Hapa kwetu Yamaha DT na AG100 za mabwana shamba na za misheni zimefunguliwa kabureta chini ya miembe, pasipo kompresa, na asubuhi zikaenda kazini.

Ili kuona kwa nini kurudishia ndiko kwenye uzito, lazima tukumbuke kazi ya kabureta. Kazi yake ni kupima. Injini ikivuta, hewa hupita kwenye koo jembamba la kabureta, mwendo wake huongezeka na mgandamizo wake hushuka. Hewa ya nje, inayoilalia petroli ndani ya kikombe, huisukuma ipande kupitia jeti. Hewa nyingi ikipita, petroli nyingi hupanda. Kilo moja ya petroli huhitaji hewa ya kilo 14.7 hivi ili iungue yote. Hesabu hii yote imesimama juu ya sharti moja tu, kwamba hewa yote inayoingia kwenye silinda iwe imepita kwenye koo hilo. Hewa inayopenya mbele ya kabureta, kwenye maungio ya kuelekea injini, haikupimwa na haikubeba petroli yoyote. Ni kama muuza unga aliyepima kilo yake kwa uaminifu, kisha mtu mwingine akatia mchanga kwenye mfuko ukiwa njiani: mnunuzi akilalamika, mizani haina kosa.

Na injini ikiwa kwenye sailensa huvuta hewa kidogo sana. Upenyo wa unene wa unywele unachukua sehemu kubwa ya hewa hiyo kidogo. Ukiwa barabarani, akselereta imefunguka, hewa inayopita ni nyingi kiasi kwamba upenyo uleule hauhesabiki. Ndiyo maana dereva hueleza shida yake kwa maneno yaleyale kila mara: "Ikikimbia haina tatizo, ila ikisimama ndiyo inasumbua." Maneno hayo pekee yalitosha kumpeleka fundi kwenye maungio badala ya kumpeleka kwenye jeti. Badala yake anafungua kikombe kwa mara ya tatu kutafuta uchafu ambao aliutoa mara ya kwanza.

Kwenye maungio yenyewe, twende taratibu, maana hapa ndipo kabureta nyingi zinapouawa. Kati ya kabureta ya CG na manifoldi kuna kipande kinene cheusi cha plastiki ngumu. Wengine hukiona ni takataka ya kuongeza nafasi. Kazi yake ni kuzuia joto la injini lisifike kwenye kabureta na kuipasha petroli iliyo ndani. Pande za maungio haya huzibwa na oringi na gasketi. Oringi iliyokaa miaka chini ya mgandamizo na joto hugeuka bapa na ngumu. Ikiachwa mahali pake inaendelea kuziba kwa sababu imeshakubaliana na uso ulioko mbele yake. Ukiitenganisha tu, makubaliano yameisha. Ukiirudisha vilevile haibani tena, kwa kuwa hakuna mnyumbuliko uliobaki ndani yake. Kwa hiyo wanaosema "kabla ya kufunguliwa ilikuwa sawa" wanasema kweli, ila wanamkamata asiyehusika. Kilichokufa kwa kufunguliwa ni kipande cha mpira ambacho ni rahisi kuliko vitu vyote vilivyomo humo.

Kuna wanaofanya vibaya zaidi. Wanatumbukiza kila kitu kwenye beseni moja la petroli au tina, shaba na mpira pamoja. Oringi inavimba, inazidi mfereji wake, na fundi anaibana nusu ndani, nusu nje. Imekatika kabla pikipiki haijawaka.

Kisha fundi huyo anaona sailensa haitulii na anahisi kuna hewa inaingia. Amehisi sawasawa. Lakini dawa yake ni kukaza. Bolti zinazoshika kabureta ya aina hii ni za milimita 6, na hazihitaji nguvu zaidi ya mkono mmoja kwenye spana fupi, takriban nyutoni-mita 10. Yeye anaweka spana ndefu na kuegemea. Mwili wa kabureta umesubiwa kwa metali laini, na mdomo wake una masikio mawili, moja kila upande, ambapo bolti hupita. Masikio yakivutwa kupita kiasi yanapinda kuelekea injini, na katikati, penye tundu la hewa, panainuka. Upenyo unapanuka. Sailensa inazidi kuharibika, naye anazidi kukaza. Anayekaza namna hii ili kuziba anaongeza upenyo, na mwishowe anaonyesha mdomo uliopinda kama ushahidi wa uchakavu.

Mdomo uliopinda unaonekana kwa dakika moja. Weka rula ya chuma juu yake, tazama upande wa mwanga. Mwanga ukipita katikati au pembeni, umepinda. Na unanyooshwa. Laza msasa laini juu ya kipande cha kioo, sugua mdomo wa kabureta juu yake kwa mzunguko wa taratibu, bila kukandamiza upande mmoja, mpaka uso wote uwe na alama sawa. Osha vumbi lote la msasa, weka oringi mpya, kaza bolti kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo, mpaka zishike. Kazi hiyo haina mashine wala haitaki kusafiri mjini. Haifanywi kwa sababu mtu ameshaambiwa kabureta imechoka, na kilichochoka hakipigwi msasa.

Kuhusu silikoni, sitasema mengi. Gundi ile ya gasketi inayopakwa kwenye maungio ya kabureta ili "kuziba kabisa" haiwezani na petroli. Inalegea, inavimba, inamomonyoka, na vipande vyake vinaingia ndani ya njia ambazo fundi alitoka kuzizibua. Ukiona silikoni imetokeza pembeni ya kabureta yako, jua kazi haikufanywa.

Kupima kama hewa inapenya ni rahisi pia. Washa injini, iache ipate moto, iwe kwenye sailensa, kisha nyunyiza maji kidogo kwenye kila ungio. Mlio ukibadilika ghafla maji yanapogusa mahali fulani, hapo ndipo. Wapo wanaonyunyiza petroli kwenye injini ya moto. Wanacheza na moto wakati maji yangewaambia jambo lilelile. Na yasichukuliwe haya kama mambo ya mlio tu. Injini inayopokea hewa nyingi kuliko petroli hupata joto kupita kiasi, plagi inakuwa nyeupe na valvu zinaumia. Kwenye injini ya mipigo miwili inayochanganyiwa oili kwenye petroli, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa petroli ndiyo inayobeba oili hadi ndani ya silinda. Petroli ikipungua na oili imepungua, na pistoni inaweza kujam ukiwa kwenye mteremko na abiria nyuma.

Sehemu nyingine inayosingiziwa uchakavu ni slaidi. Slaidi ya kabureta hizi imekatwa mshazari upande mmoja wa chini, na upande huo uliokatwa lazima uangalie nyuma, kwenye chujio la hewa. Ubavuni ina mfereji mwembamba wa kuingia kwenye pini iliyo ndani ya mwili wa kabureta, na upande mwingine ina mteremko ambao skrubu ya sailensa huuegemea. Ikiingizwa kinyume haishuki mpaka chini. Kijana wa gereji akiisukuma kwa nguvu, inakwama ikiwa imefunguka. Kiki moja na injini inapiga yowe, haishuki hata ukirudisha akselereta. Kama hilo litatokea barabarani, ni roho za watu. Kwa hiyo kabla ya kupiga kiki, zungusha akselereta, iachie, na sikiliza slaidi ikigonga chini. Usiposikia mlio huo, fungua tena. Sioni ni kisingizio gani kinaweza kumruhusu fundi aruke hatua inayochukua sekunde mbili.

Sindano nayo ina mifereji ya klipu, kwa kawaida mitano. Klipu ikipandishwa mfereji mmoja, sindano inashuka na petroli inapungua. Ikishushwa, sindano inapanda na petroli inaongezeka. Klipu huruka wakati wa kufungua, ikaokotwa kwenye vumbi, ikarudishwa popote. Wiki moja baadaye dereva analalamika kwamba pikipiki inakula mafuta, na jibu liko tayari: kabureta ya zamani hiyo, ndugu yangu, hazifai. Hakuna aliyeangalia klipu ilikuwa mfereji wa ngapi kabla ya kuguswa.

Waya wa akselereta unahitaji mchezo wa milimita chache kwenye mkono, kati ya 2 na 6 hivi. Kabureta ikirudishiwa, waya hupitishwa njia nyingine, unabanwa chini ya tangi, na mchezo unaisha. Geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Injini ikipanda unapogeuza, ni waya. Nimewaona watu wakibadilisha jeti kwa ajili ya waya.

Upande wa nyuma wa kabureta hali ni mbaya zaidi, kwa sababu huku watu wamefanya kosa likawa ujuzi. Kati ya kabureta na boksi la chujio kuna mpira mnene wenye klampu. Mpira wa zamani ni mgumu na nafasi ni finyu. Njia sahihi ni kulegeza bolti za boksi la hewa ili lirudi nyuma kidogo, kuulainisha mpira kwa maji ya moto, kupaka maji ya sabuni kwenye ukingo wake, kuingiza nyuma kwanza, ndipo kulaza mbele kwenye bolti zake, na klampu kukazwa mwisho kabisa. Njia inayofuatwa ni kufunga mbele kwanza, kisha kuusukuma mpira kwa bisibisi mpaka uchanike au ukunjike upande usioonekana. Au kuuacha unaning'inia. Au kulitoa chujio zima na mteja kuambiwa: "Sasa inapumua."

Hiyo kauli ya kupumua naipinga kwa nguvu zangu zote. Jeti za kabureta zilichaguliwa kiwandani zikiwa na chujio nyuma yake, pamoja na ukinzani wake. Ukiliondoa, kipimo chote kimevurugika. Na huku kwetu barabara nyingi ni za udongo. Vumbi lile jekundu lina chembe za mchanga ngumu, na kila chembe inayopita kabureta inakwenda kusaga ringi na silinda. Injini inayopumua hivyo inaanza kutoa moshi wa bluu mapema, na hapo tena kabureta ya zamani inatajwa miongoni mwa washitakiwa.

Floti na mabomba madogo ya plastiki yanataka jicho tu. Bomba la kupumulia kikombe lisibanwe, na lile la kumwaga petroli iliyozidi lisiishie juu ya ekzosi. Ulimi wa floti ukipindwa wakati wa kuosha, kimo cha petroli kinabadilika. Kukipima, chomeka mpira mwembamba unaoonyesha kwenye tundu la kumwagia chini ya kikombe, uinue ubavuni, legeza skrubu na utazame petroli imesimama wapi. Inatakiwa ikae chini kidogo ya ungio la kikombe. Na fungua koki kabureta ikiwa bado mkononi, kabla hujaifunga, uone kama inafurika.

Sasa nijibu wanaonipinga, maana wana hoja, na moja yao ni nzito. Wanasema wameona kwa macho yao kabureta ikiharibika kwa kusafishwa. Nakubali wameiona. Wameona jeti ikichokolewa kwa uzi wa waya wa breki. Tundu la milimita 0.95 likipanuliwa hadi milimita 1.05, jicho halioni tofauti, lakini eneo lake limeongezeka kwa asilimia 22, na petroli inapita kwa kiasi hicho. Jeti hiyo imekufa kweli. Lakini imekufa kwa waya, haikufa kwa umri wala kwa kufunguliwa, na jeti ni kipande kinachonunuliwa peke yake. Kabureta haitupwi kwa sababu ya jeti.

Wanasema dereva hana muda. Mkataba unamdai, kila saa pikipiki ikilala gereji ni abiria waliopotea, afadhali afunge mpya aondoke. Namwelewa dereva huyo kuliko ninavyomwelewa mtu mwingine yeyote katika habari hii, na ni kwa ajili yake naandika. Muda wake ulikwisha kupotea kwa kurudi gereji mara tatu. Kurudishia kwa uangalifu mara ya kwanza, na oringi mpya, kungeongeza labda nusu saa. Na hiyo mpya anayofungiwa mara nyingi haikutengenezwa kwa ajili ya injini yake. Inauzwa kwa kuwa matundu ya bolti yanalingana. Ndani yake jeti ni za namba nyingine, kwa injini ya ujazo mwingine. Sailensa inatulia, yeye anashukuru, na petroli inaanza kuondoka kimyakimya. Pikipiki iliyokuwa ikitumia lita 2.5 kwa kilomita 100 ikianza kutumia lita 3, na akitembea kilomita 100 kwa siku, kwa siku 300 za kazi ni lita 150 za ziada. Hakuna anayemwonyesha hesabu hiyo, kwa sababu haimo kwenye risiti ya kabureta.

Huko nyanda za juu shida inazidi. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Jeti inayofaa pwani inamwaga petroli nyingi mno kule. Pikipiki iliyokwisha kurekebishwa na mafundi wa huko, jeti na klipu na skrubu, ina kumbukumbu ya mahali hapo ndani ya kabureta yake ya zamani. Ukiitupa unaanza upya.

Kwa nini basi imani hii haifi? Kwa maoni yangu ni kwa sababu ya namna tunavyolipa na tunavyogawa kazi. Mteja analipia "kusafisha kabureta." Fundi mkuu anakaa mwenyewe kwenye beseni, anapuliza, anatazama mwanga kupitia jeti, na watu wanamwona fundi. Akimaliza anamkabidhi mwanafunzi: "Funga hiyo." Nusu ngumu ya kazi inafanywa na mtu mwenye ujuzi mdogo kuliko wote pale, bila oringi mpya, kwa kuwa mteja hakuambiwa anunue, wala hakuna anayesimama kutazama. Ikishindikana, fundi mkuu hawezi kusema mwanafunzi wake amekosea, na mwanafunzi hajui alikosea wapi. Kabureta haina mdomo wa kujitetea. Muuza spea naye hana sababu ya kubisha. Mpango huu ukigeuzwa, fundi mkuu akarudishia mwenyewe na mwanafunzi akaosha, hukumu nyingi za uchakavu zitatoweka wiki hiyohiyo.

Sidai kwamba kabureta huishi milele. Huchakaa, na dalili zake zinajulikana. Slaidi iliyong'aa upande mmoja na kucheza ndani ya tundu lake. Sindano yenye mkato mahali inaposuguana. Tundu la sindano lililopoteza uduara. Mwili ulioliwa na kutu nyeupe baada ya petroli yenye maji kulala kikombeni miezi. Dalili hizo zilikuwapo kabla ya kufunguliwa, zilikuja polepole, na fundi anaweza kumshikisha mteja mkononi. Asiyeweza kumwonyesha hata moja hana haki ya kumtuma dukani.

Akiweza, mteja anunue, bila kinyongo. Ila kabureta ya zamani isiondoke gereji kabla namba zilizogongwa kwenye jeti zake mbili hazijaandikwa kwenye karatasi, pamoja na mfereji wa klipu na mizunguko ya skrubu ya hewa, na upana wa koo lake haujapimwa, ili ile mpya ichaguliwe kwa vipimo hivyo na kufungwa kwa oringi mpya, spana fupi, na mkono wa fundi mwenyewe.